Diski ya Mzee Nyamweya

Tulimzika Mama Bochaberi mwezi uliopita, kule Manga, kwenye migomba inayoteremka nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la mumewe, Mzee Nyamweya. Watu walipomaliza kula na viti vya kukodi vikaanza kukunjwa, Evans, mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ana mvi kunizidi, alinishika mkono akaniingiza sebuleni. Alitaka nimwonyeshe kompyuta ilikuwa ikikaa wapi. Nilishangaa kwamba hakukumbuka, kisha nikaona hakuwa na sababu ya kukumbuka, maana mwaka ule alikuja nyumbani kwa nadra. Nikamwonyesha. Meza ilikuwa hapa chini ya dirisha, kiti cha Mzee kule, changu hapa. Siku hizi pamewekwa friji. Evans alisimama akaitazama friji ile kama mtu aliyeonyeshwa mahali ajali ilipotokea. Akasema, "Kemunto, mimi bado hufikiria ile siku." Nikamwambia hata mimi huifikiria. Wageni wakaja kutuaga, lakini niliporudi nyumbani kwangu Mosocho nilijua kwamba nitaandika, na kwamba kuandika hakutarudisha chochote.

Nilikwenda kwao nikiwa na cheti cha kozi ya kompyuta kutoka chuo kimoja cha ghorofani mjini Kisii, na bila kazi. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyeniambia kuna mzee Manga anatafuta msichana wa kumchapia kitabu, mtulivu, Msabato, atakayekubali kulala huko huko. Mzee Nyamweya alikuwa mkalimani wa mahakama mpaka alipostaafu. Shahidi au mshtakiwa akisema kwa Ekegusii, yeye ndiye aliyemfikishia hakimu maneno yale kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na hakimu akiuliza, yeye ndiye aliyelirudisha swali. Katika kazi hiyo alikuwa amekusanya maneno kichwani kama watu wengine wanavyokusanya ng'ombe, na sasa alitaka kuyatoa yote yawe kamusi, Ekegusii kwa Kiswahili, pamoja na mifano ya jinsi kila neno linavyotumika. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka hata hawezi kushika kalamu. Evans, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alikuwa amemletea kompyuta iliyoondolewa ofisini kwao zilipokuja mpya. Iliyobaki ilikuwa kupata vidole, na vidole vikawa vyangu.

Nililala katika chumba kilichopakana na jikoni, pamoja na magunia ya mahindi. Asubuhi Mama alinigongea ukuta kwa mwiko, nami nikaamka kumsaidia kuwasha moto. Tulikunywa uji wa wimbi na viazi vitamu vilivyolala, kisha yeye akajitwika kikapu akaenda kuchuma majani chai kabla jua halijakausha umande. Mzee alivaa koti, hata kama siku ilikuwa ya joto, akaingia sebuleni kana kwamba anaingia kazini. "Nje ya mlango huu tunasema Ekegusii," aliniambia siku ya kwanza. "Humu ndani ni Kiswahili, na kiwe safi." Alifumba macho. Akalitaja neno, akalipima kimya mdomoni, kisha akatoa maana yake, kisha sentensi. Nikikosea upatanisho wa ngeli, jambo ambalo sisi watu wa bara hatulikosi, alifumbua jicho moja tu akasubiri nijisahihishe mwenyewe. Kiswahili nilichokuwa nacho kilikuwa cha shule. Ninachokifundisha leo nilikipata kwenye kiti kile.

Kuna asubuhi moja ambayo iliisha yote kwa neno moja, chinsoni. Mzee alisema hilo hawezi kulipita kwa haraka. "Kulikuwa na mzee mwenzangu aliyeshtakiwa kwamba aliingia nyumbani kwa mwanawe akachukua mali," akanisimulia. "Siku hiyo mimi nilikuwa mgonjwa, wakamtafuta mtu mwingine wa kukalimani. Yule mzee akajitetea kwamba hangeweza kuingia nyumba ile kwa sababu ya chinsoni. Nawe unajua, baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hata ikiungua atasimama nje aite watu. Huyo mtu wao akamwambia hakimu, anasema anaona aibu. Basi hakimu akaelewa kwamba mzee anaona aibu kwa kitendo chake."

"Akafungwa, Tata?" Nilikuwa nimeshaanza kumwita Tata, yaani baba.

"Akafungwa. Mimi nilipopona nikarudi kazini nikasimuliwa kama kichekesho." Akafumba macho. "Sasa andika hivi. Chinsoni si aibu. Anzia hapo, halafu nitakwambia ni nini."

Akaniambia, na maelezo yake yakajaza kurasa. Ni heshima inayotenganisha vizazi, ni mpaka, ni vile mtu asivyoweza kusema mbele ya wazazi, ni macho yanayotazama chini bila kosa. Mchana Mama alirudi na kikapu akatukuta bado tuko pale pale. Akatupikia ugali na chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu aliyoichemsha kwa maziwa, akasema, "Nyinyi watu mnashiba maneno, lakini hii sahani irudi ikiwa empty." Mzee akacheka. Ninapotaka kumkumbuka akiwa mzima, namkumbuka mchana huo.

Tulifika mbali mwaka ule. Ijumaa kabla jua halijazama nilizima mashine, nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma, na siku ya Sabato tukaenda kanisani bila kuligusa neno. Jumapili tukaendelea. Nilinakili kazi kwenye disketi kama nilivyofundishwa chuoni, lakini ukungu wa Manga huingia mpaka ndani ya makabati, na disketi zikaota kuvu moja baada ya nyingine. Printa Evans aliahidi kuja nayo Krismasi. Kwa hiyo kamusi yote ilikaa mahali pamoja, ndani ya diski kuu ya kompyuta ile. Hatukuona hatari yoyote.

Mvua ndefu zilipokwisha, Mzee alifumba macho asubuhi moja akasema, "Chinsoni." Nikadhani anataka kuongeza kitu. Nikafungua mahali pale nikangoja. "Aibu," akasema.

"Tata, hilo tulishaliandika."

"Basi liandike vizuri. Chinsoni, aibu. Tuendelee."

Niliweka vidole kwenye kibodi nikavipigapiga bila kuandika kitu, apate kusikia sauti. Aliendelea na neno jingine, na hilo alilieleza vizuri sana, mpaka nikajiambia nilisikia vibaya. Lakini kesho yake nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe, naye Mama alikuwa uani na dada yake aliyetoka Itumbe kumtembelea, wakiongea kwa Ekegusii kwa sauti ya chini ambayo ukuta wa mbao hauwezi kuizuia. "Jana aliniuliza ng'ombe huyu ni wa nani," Mama alisema. "Juzi alinionyesha kijiko akanyamaza, anatafuta jina."

"Evans anajua?"

"Nimwambie nini? Wacha amalize kitabu. Yakishaingia kwa hiyo mashine yote, hata yeye akienda, yamebaki."

Sikumwambia Mama kwamba nimesikia. Tangu siku hiyo niliongeza mwendo. Tulifanya kazi hata baada ya chakula cha mchana, wakati ambao zamani Mzee alilala kidogo. Mama hakunikataza. Alituletea chai akaiweka na kwenda, na mara moja, alipokuwa akipita nyuma ya kiti changu, aliweka mkono begani pangu akauacha hapo kitambo. Nadhani wote wawili tulikuwa tunafanya hesabu moja: kichwa cha Mzee kilikuwa kinavuja, nasi tunakinga.

Siku stima ilipoharibu mambo, tulikuwa mezani tunakula matoke. Radi ilikuwa ikipasua upande wa Nyamira, na Manga mtu hashtuki kwa radi. Taa ikazimika. Muda mfupi baadaye ikarudi kwa mwanga mkali usio wa kawaida, balbu ikapasuka juu ya meza, na kutoka kwenye kompyuta ukaja moshi wenye harufu ya plastiki iliyoungua. Nikakimbia nikachomoa waya. Mzee aliendelea kula. Mama ndiye aliyeuliza, kwa Kiswahili, kana kwamba lugha ya mle chumbani ndiyo iliyofaa, "Imekufa?"

Ilikuwa imekufa, lakini diski haikufa, na hilo ndilo lililotutesa. Niliifunga mashine yote kwenye taulo nikaishusha mjini Kisii kwa fundi aliyeitwa Ondieki, kijana wa rika langu aliyekuwa na kibanda kwenye ujia nyuma ya maduka ya nguo. Aliitoa diski ndani, akaiunganisha na umeme akaniambia niweke sikio. Ilikuwa inazunguka, ikivuma kwa utulivu. "Diski ni nzima kabisa," akasema. "Kilichoungua ni bodi ya mashine. Sasa ni kutafuta mashine nyingine iisome."

Nilidhani hilo ni jambo la siku moja. Waya uliingia bila shida kwenye kompyuta ya kwanza aliyokuwa nayo, lakini ilipowashwa ilikaa na skrini nyeusi, haioni kitu. Ondieki akasogeza kijipini kidogo cha plastiki nyuma ya diski, kile kinachoamua ipi ni diski kuu na ipi ni ya kusaidia, akajaribu tena. Safari hii ikaiona, ila iliihesabu kuwa ndogo, kipande tu cha ukubwa wake. Ondieki akaizima haraka. "Hii mashine ni ya zamani kuliko diski," alisema. "Ilitengenezwa wakati diski kubwa hivi hazikuweko, kwa hivyo haiwezi kuhesabu mpaka huko. Ukiiacha iandike chochote humo, itaandika mahali si pake." Kompyuta ya pili iliiona yote, lakini Windows yake ilikuwa ya kale, haikufahamu jinsi faili zilivyopangwa, ikauliza kama tunataka diski ifutwe ianze upya. Ondieki akajibu hapana, akaizima. Ya tatu tuliijaribu katika shule moja aliyoifahamu. Pale diski ilianza hata kujiwasha yenyewe, nikaona mawingu yale ya Windows niliyoyazoea kila asubuhi, nikashika mkono wa Ondieki. Kisha skrini ikawa ya bluu, maandishi meupe yakajaa, ikaganda. Alisema programu zilizo ndani zilizoea bodi yao iliyoungua, na sasa zimejikuta kwenye bodi zisiyoijua.

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Tungoje. Nitatafuta ya umri mmoja na ile yenu. Lakini sikudanganyi, Kemunto, hata mimi najaribu tu. Ukiiona inasumbua, iache."

Tukangoja. Nilipanda na kushuka Manga nikiulizia, na kila mara Ondieki alitikisa kichwa kabla sijafika mlangoni. Nyumbani Mzee aliingia sebuleni kila asubuhi akiwa na koti lake, akakaa, akafumba macho mbele ya meza tupu. Wakati mwingine alisema neno, mimi nikaliandika kwenye daftari. Maneno yalikuwa yanakuja yakiwa na maana za maneno mengine. Mama alikoma kwenda kuchuma chai asubuhi kwa sababu mara mbili alirudi akamkuta barabarani, amevaa vizuri, akiuliza wapita njia kama mahakama imeshafunguliwa.

Evans alikuja Disemba, akiwa na printa kwenye sanduku lake. Aliiweka mezani, na ndipo Mama alipomwambia yote, ya diski na ya baba yake, kwa pumzi moja. Alimwendea baba yake akapiga magoti mbele ya kiti, akamwita. Mzee akamtazama kwa heshima kubwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka kesi ya zamani, akamwambia karibu chai. Evans akatoka nje. Aliporudi uso ulikuwa umekauka, akaniuliza diski iko wapi.

"Iko hapa. Lakini Ondieki amesema tungoje mashine ya umri wake."

"Tumengoja tangu lini?"

"Kitambo."

"Na Baba angoje mpaka lini?" Hakusema kwa ukali. "Kemunto, mimi nataka tu nimsomee. Hata ukurasa mmoja, kabla hajapotea kabisa. Nina rafiki Nyamira ana cyber. Tutaangalia tu."

Nilimpa diski, kwa sababu nami nilitaka vilevile. Kwa miaka mingi nimejiuliza kama ningemzuia, na kila mara naona kwamba hapana, hakuna neno ambalo lingemzuia mtu aliyetoka kukaribishwa chai na baba yake mzazi kama mgeni. Tulikwenda na gari lake. Rafiki yake alikuwa mtu mwema, mchangamfu, akafunga cyber, duka lake la intaneti, ili tusisumbuliwe. Akafungua mashine yake moja akaingiza diski. Ilipowaka, kabla ya jambo jingine lolote, skrini iligeuka bluu, ukatokea mstari wa manjano uliokuwa ukijaa polepole kutoka kushoto. Mashine ilisema diski haikuzimwa vizuri mara ya mwisho, kwa hiyo inaikagua na kuirekebisha.

"Inajirekebisha," rafiki alisema. "Iacheni imalize."

"Ondieki alisema isiandike kitu," nikasema.

"Haiandiki, inakagua tu."

Alikuwa anaamini hivyo. Hata mimi, kwa yale niliyofundishwa, sikuweza kumwambia kwamba si hivyo. Mstari ukajaa. Ondieki ndiye aliyenieleza baadaye kilichotokea. Mashine ile nayo ilikuwa ya zamani kuliko diski, ikaiona ndogo, na kila kilichokuwa ng'ambo ya kipimo chake ikakihesabu kuwa kosa, ikakisahihisha. Ilipomaliza, folda ya Mzee haikuweko. Badala yake palikuwa na faili nyingi zisizo na majina, namba tu. Evans akaifungua ya kwanza. Palijaa vijisanduku na alama zisizo na sauti. Akaifungua nyingine, na nyingine. Katika moja tuliona maneno ya Kiswahili, safi kabisa, yaliyokatwa pande zote mbili: "hutumika kwa ng'ombe tu, wala si kwa". Neno lenyewe lililokuwa likielezwa halikuweko. Evans aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akarudia, akatoa kiti akaketi.

Tuliporudi, Mzee alikuwa ameamka vizuri, akili timamu, kama alivyokuwa akifanya wakati mwingine bila sababu. Evans akamweleza polepole, akimwomba msamaha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Si kitu," akasema. "Tutaanza upya. Maneno yenyewe yako hapa." Akagusa kipaji cha uso wake kwa kidole kinachotetemeka. Mama aliinua sahani ambazo bado zilikuwa na chakula akaenda nazo jikoni.

Tulianza upya kweli. Nilitumia daftari, na Mzee akaanza na neno omonto, mtu. Alilieleza vizuri, akatoa sentensi. Kesho yake akaanza tena na omonto, akiwa na furaha ile ile ya mtu aanzaye kazi kubwa. Na keshokutwa yake. Nililiandika kila siku kama jipya kwa sababu alikuwa anasikiliza mkwaruzo wa kalamu. Katikati ya Januari, kijana mmoja alileta ujumbe kutoka kwa Ondieki kwamba mashine ya umri ule imepatikana, tulete diski. Niliishusha hata hivyo. Ondieki aliiunganisha, nayo ikasomeka mara moja, kwa ukubwa wake wote, bila kulalamika. Palikuwa na zile faili za namba tu. Alikaa akiitazama, akasema hata yeye angeweza kufanya alivyofanya yule wa Nyamira, wiki yoyote, kwa uchovu tu. Nadhani alitaka kunifariji.

Watu huniambia kwamba siku hizi jambo kama hilo haliwezi kutokea, kila kitu kimehifadhiwa hewani. Mimi huitikia. Nafundisha Kiswahili, nahifadhi kazi zangu mahali pengi mpaka wenzangu wananicheka, na sijawahi kuona kwamba inasaidia kitu. Nilichokipoteza mwaka ule hakikuwa changu, na mwenyewe hakujua kwamba amekipoteza. Aliishi muda mrefu baada ya hapo. Mama alisema mwishoni alikuwa anaimba bila maneno.

Niliondoka kabla ya mvua. Hapakuwa na kazi tena, na Mama alisema kwa upole kwamba msichana mdogo hawezi kukaa nyumba ya wagonjwa bila sababu. Alinifungia ndizi mbivu kwenye gazeti. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, na koti lake, macho yamefumbwa. Nikasimama mbele yake nikasema kwaheri kwa Kiswahili, kwa kuwa tulikuwa mle chumbani. Akafumbua macho akanitazama, kisha akamgeukia mkewe.

"Shahidi amemaliza?" akauliza.

Mama alinitazama. "Amemaliza," akasema.

"Basi ashuke."

Nikachukua mfuko wangu nikashuka.